Kuku Aliyeingia kwenye Kiapo

Shikamoo zenu nimezipokea. Najua hamjazitoa, lakini mstaafu hasubiri, anapokea tu. Marahaba. Kaeni.

Nimestaafu Jumamosi iliyopita nikiwa na miaka kumi na saba. Msicheke. Wenzangu serikalini wanastaafu na kitambi na shamba la alizeti. Mimi nimestaafu na chunusi na begi la shule, kwa sababu nimechaguliwa kidato cha tano mkoa mwingine, na Shangazi amesema wazi kwamba kiti hakiwezi kunisubiri mpaka likizo. Tangu nikiwa kidato cha kwanza, kila jioni baada ya masomo na likizo zote, nimekaa kwenye kibanda chake hapa Singida mjini, jirani na ofisi ya uhamiaji, nikipiga picha za paspoti, nikichapa barua, nikitoa kopi na kuwajazia watu fomu. Fani yangu ilikuwa watoto waliozaliwa nje. Wapo waliosomea upasuaji wa moyo. Mimi nilisomea mtoto aliyezaliwa Maputo au Maskati, baba wa Mungaa, mama wa Ilongero, ambaye sasa anatakiwa kuonyesha kwa karatasi kwamba ni wetu.

Nawaandikia ninyi mnaobaki, hasa yule anayerithi kiti. Nitamtaja mwishoni, asije akaanza kuringa mapema.

Kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi. Usijaribu kuuwekea kipande cha tofali, nilishajaribu, utaanguka upande wa pili. Kijue tu kinavyoyumba, uyumbe nacho. Mashine ya kopi haipendi vumbi, na sisi vumbi ndilo tunalo. Ikigoma, usiipige. Izime, ifute, iombe msamaha, iwashe. Na kila rundo la karatasi lina jiwe lake. Mkoa huu umejaliwa mawe na upepo; hicho kimoja ndicho kinachozuia kile kingine. Siku ya kwanza nilidharau mawe. Upepo ukaingia, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu kikaenda kutua kwenye karai la maandazi la jirani. Kilirudi kikiwa kizima ila kimeiva kidogo upande mmoja.

Mafuta ndiyo adui yenu mkubwa. Watu wetu wanatunza nyaraka vizuri sana, tatizo ni wanakozitunza. Nimepokea cheti kilichokaa ndani ya debe la alizeti mpaka kikawa kama dirisha, unakishika na unamwona mteja upande wa pili. Kingine kilitoka ndani ya mto wa kulalia na manyoya yake. Kazi yenu si kumsema mteja. Funikeni kwa karatasi ya choo, wekeni jiwe juu, subirini. Na mteja akiwaambia mkilamineti cheti halisi ili kisiharibike tena, kataeni hata kama ni mjomba wenu. Afisa anataka kuugusa muhuri kwa kidole. Mimi niliwahi kulamineti kimoja kwa upendo kabisa, na afisa akanirudishia akisema nimekizika kikiwa hai.

Halafu kuna baba mmoja wa Mungaa aliyeleta cheti cha mtoto kutoka Msumbiji, Kireno kitupu. Nikajifanya mjuaji, nikakiuliza kitafsiri cha kwenye simu. Simu ikajibu kwamba mtoto alizaliwa katika mkono wa kushoto wa hospitali. Baba akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Inawezekana. Mama yake alisema walikosa kitanda." Tukampeleka kwa mfasiri anayetambulika, kumbe ni jengo la upande wa kushoto. Nanyi fanyeni hivyo.

Lakini haya yote ni ufundi wa mikono, hata mashine ikipata akili itayafanya. Kazi halisi Shangazi aliiita kwa maneno mawili: weka jiwe.

Maana yake ni hii. Mteja akifika na bahasha, mimi nilikuwa na haraka, namnyang'anya bahasha, naanza kuchapa. Shangazi alikuwa ananipiga kisogoni na faili. "Sefu, weka jiwe." Basi unaziweka karatasi mezani, unaweka jiwe juu, unaondoa mikono, halafu unamwambia mteja: nisimulie siku mtoto alipozaliwa. Wateja walishangaa. Mimi nilishangaa zaidi, maana foleni ilikuwa inafika kwa fundi viatu. Kuna mama alisimulia mpaka mvua iliyonyesha na rangi ya daladala la huko. Nikamuuliza Shangazi hii rangi tunaijaza kisanduku gani. Akasema, "Hakuna. Sikiliza tu."

Niliielewa siku alipokuja Mama Zawadi.

Walifika watatu kutoka Ihanja, Alhamisi, saa za asubuhi, mimi nikiwa likizo. Mama mwenyewe, mwembamba, kitenge cheusi cha ujane kimeanza kupauka. Binti yake Zawadi, darasa la saba. Na mzee mmoja mwenye koti refu na kofia, aliyebeba kuku wa kienyeji kwapani. Huyo hakuingia, alikaa kwenye benchi letu la nje na kuku wake, akitazama barabarani. Alikuwa baba mkwe. Kwenye gari dogo lililowaleta yeye alikaa mbele na mkamwana nyuma kabisa, na kwenye benchi pia hakukuwa na namna wangekaa pamoja. Mnaijua hiyo, hata kwenu ipo.

Zawadi alizaliwa Zambia. Akapiga magoti kumsalimia Shangazi, akapiga makofi taratibu kama wanavyofanya huko alikokulia. Mama yake akaeleza kwamba siku ya kwanza kwa mtendaji wa kijiji alifanya hivyohivyo, na mtendaji, akidhani anapongezwa, akasimama akashukuru. Shikamoo yake ilikuja baadaye na sasa ilikuwa imenyooka kuliko yangu. Ila shuleni Ihanja bado wenzake walimwita Mzambia.

"Tumetoka uhamiaji," Mama Zawadi akasema. "Wamesema karatasi hazisomani. Na kesho mwalimu mkuu anapeleka majina ya mtihani. Amesema hawezi kumwandika Mtanzania bila hata barua ya kuonyesha faili lake limepokelewa."

Nikaifungua bahasha kwa mbwembwe zangu zote. Cheti cha Zambia: jina la baba, Elia Mzee. Cheti cha ndoa cha kanisani: Elia Hango. Cheti cha kifo: Elia Hango. Barua ya mtendaji: marehemu Elia Hango, mwana wa kijiji chetu.

"Mama," nikasema, "hapa una waume wawili, na mmoja hajulikani alipo."

Hakucheka mtu. Zawadi akaangalia sakafu. Faili likatua kisogoni kwangu.

"Weka jiwe, Sefu."

Nikaweka jiwe. Mama Zawadi akasema kwa sauti ndogo, "Na afisa kaongea hivyohivyo, ila kwa adabu." Kumbe Shangazi alishamuuliza afisa huyo huyo, kwa kesi nyingine, kama mtoto hawezi kupitia upande wa mama peke yake. Jibu lilikuwa kwamba uraia kwa mama unapita vizuri tu, lakini faili lenye baba wawili halipokelewi mpaka wawe mmoja.

"Nisimulie siku alipozaliwa," Shangazi akasema.

Basi akasimulia. Elia alikuwa dereva wa lori la shaba, siku hiyo yuko njiani. Uchungu ukamshika, jirani akampeleka hospitali, mtoto akatoka salama. Nesi akaja na karatasi. Jina la mtoto? Zawadi. Jina la mama? Akataja. Jina la baba? Elia. Elia nani?

Hapo akanyamaza. Nikadhani amesahau. Nikadhani labda kweli yupo Elia wa pili. Nikamtazama Shangazi, naye kaziba mdomo kwa kiganja.

Zawadi ndiye aliyesema. "Mama hawezi kulitaja jina la Babu. Hajawahi."

"Hata mara moja?" nikauliza.

"Wewe ulishawahi kunisikia nikimtaja mkwe wangu?" Shangazi akanigeukia. Nikafikiri. Ni kweli. Kuna wateja wenye jina la huyo mzee, na Shangazi huwa anawaita "wewe wa karatasi ya kijani."

Mama Zawadi akamalizia huku akikunja ncha ya kitenge. Nesi alikuwa na wengine wanaomsubiri. Yeye peke yake ugenini, hakuna wa kumsemea. Kanisani kwenye ndoa Elia alijitajia mwenyewe. "Nikasema Mzee. Ndivyo ninavyomwita nyumbani. Nesi akaandika. Elia aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Akasema tukirudi nyumbani tutarekebisha, tena Baba akisikia atafurahi." Akavuta pumzi. "Tukarudi nyumbani. Yeye akiwa kwenye sanduku."

Mashine ya kopi ikanguruma peke yake, nikaizima.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye dawa. Majina yakipishana, inatengenezwa hati ya kiapo. Mtu anayejua ukweli anaapa kwamba fulani na fulani ni mtu mmoja. Kuichapa ni kazi ndogo, niliimaliza kabla chai haijapoa. Jina la mkwe nililinakili kutoka kwenye cheti cha ndoa, hakuna aliyelazimika kulisema. Nikajiona bingwa.

Tukaingia kwa wakili, mlango wa pili kutoka kwetu. Ni mtu mpole, miwani puani, anaongea kama anayebembeleza mtoto kulala. Akampa Mama Zawadi Biblia na hati. "Shika kwa mkono wa kulia, mama. Soma kwa sauti. Kiapo ni cha mdomo."

Akaanza vizuri. Mimi, mkazi wa Ihanja, Mkristo, naapa na kuthibitisha. Kwamba nilikuwa mke wa marehemu Elia. Akakohoa. Marehemu Elia. Wakili akamletea maji. Akanywa. Marehemu Elia. Jasho likamtoka kwenye pua.

"Elia wa Mzee," akasema mwishowe.

"Mama, hiyo ndiyo iliyotuleta hapa."

"Naweza kusaini tu?"

"Siwezi kuweka muhuri kwenye kiapo ambacho hakijaapwa, mama yangu. Pumzika kwanza. Nipo."

Wakili angeweza kuishia hapo akamfukuza, ila hakumfukuza. Alichukua gazeti akajifanya anasoma. Zawadi alikuwa amesimama pembeni ya mama yake, ameshika shati la shule kwa nguvu. Shangazi akawa anamnong'oneza Mama Zawadi maneno ya kumtia moyo. Mimi nikaonekana sina kazi, nikatoka nje.

Mzee Hango alikuwa palepale kwenye benchi. Nikamwamkia, nikakaa. Kuku akanitazama vibaya.

"Kijana," akasema, bila kunigeukia. "Wewe ndiye unayesoma zile karatasi?"

"Ndiyo, Babu."

"Huyo Elia Mzee ni nani?"

Alikuwa ameshaona. Kumbe alishaona siku nyingi. Akaniambia polepole kwamba karatasi ya Zambia ilisomwa hadharani siku ya msiba, warithi walipotajwa, na tangu hapo kuna ndugu wanaopita kwake jioni kumuuliza kama ana hakika mtoto ni wa damu. Anawafukuza. Lakini wakishaondoka, anabaki na hilo jina. Kumuuliza mkamwana hawezi, anaanzaje? Mkamwana naye kumweleza hawezi, ataanzaje? Wamekula ugali wa sufuria moja tangu sanduku lilipofika, na kati yao kuna mtu anaitwa Elia Mzee ameketi.

Wadogo zangu, watu wenye adabu wote walikuwa ndani kwa wakili. Nje tulibaki mimi, kuku, na mzee. Mimi nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu.

"Babu, Mzee ni wewe!"

"Nini?"

"Nesi kamuuliza Elia nani. Mkweo kashindwa kutaja jina lako. Akasema Mzee. Na saa hizi hapo ndani Biblia iko mkononi na bado kashindwa. Tatizo ni jina lako, Babu. Halitoki."

Alinigeukia sasa. Akanitazama, mdomo wazi kidogo. Nikadhani nitakula fimbo. Kisha mabega yakaanza kutikisika ndani ya lile koti, akacheka bila sauti mpaka kofia ikaanguka, na nilipoiokota ili nimpe nikaona machozi.

"Kule kote," akasema. "Peke yake na nesi. Bado akanistahi."

Akajifuta kwa mkono wa koti. Halafu akamtoa kuku kwapani, akamshika miguu, akanikabidhi kana kwamba ananipa cheti.

"Huyu nilimletea shangazi yako, shukrani. Atanisamehe. Mpelekee mkamwana wangu. Mwambie mkwe wake kampa mnyama. Yeye anajua maana yake. Mama yangu mzazi alipewa mbuzi ili amtaje babu yangu wakati wa kugawa shamba. Leo mbuzi yuko Ihanja, kuku atamwakilisha."

Nikaingia kwa wakili na kuku. Naomba muipate picha hiyo: ofisi safi, kapeti, mafaili yamepangwa, wakili ameshika gazeti, na mimi mlangoni na kuku anayepiga mabawa.

"Hapana," wakili akasema.

"Siyo wangu," nikasema. "Mama, Mzee kasema amekupa mnyama."

Mama Zawadi akasimama wima. Akanitazama mimi, akamtazama kuku, akatazama mlango. Shangazi akapiga kigelegele kifupi, akakimeza kwa ajili ya wakili, kisha akamweleza kwa nini kuku lazima abaki. Wakili akavua miwani, akaifuta. "Sheria haijasema lolote kuhusu kuku," akasema. "Endelea, mama."

Akamshika kuku kwa mkono wa kushoto na Biblia kwa mkono wa kulia. Kuku akatulia ghafla, sijui kwa nini. Zawadi akamshikia hati mbele ya macho.

Akasoma. Naapa na kuthibitisha. Kwamba nilikuwa mke wa marehemu Elia. Akasimama.

"Hango," akasema, kama mtu anayepuliza moto.

"Kwa sauti kidogo, mama," wakili akasema. "Samahani."

Akafumba macho.

"Elia Hango! Mwana wa Hango!"

"Naam!"

Ilitoka nje, dirishani. Sauti ya mtu aliyeitwa na anayeitikia. Nilichungulia. Mzee alikuwa amesimama wima pembeni ya benchi, kofia mkononi, kama mwanafunzi aliyesomwa jina kwenye mahudhurio. Fundi viatu naye kaacha kugonga.

Mama Zawadi akakaa chini akajifunika uso kwa kitenge. Zawadi akacheka, akalia, akacheka tena. Kuku akatoka mbio kwenye kapeti la wakili, na aliyoyafanya pale sitayaandika. Wakili alipiga muhuri haraka sana.

Mchana huohuo afisa aliisoma hati, akazipanga karatasi zote, akasema sasa zinasomana. Barua ya kupokelewa kwa faili ikatoka. Ijumaa asubuhi Mzee aliipeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na nasikia alipita njia ndefu, kwa nyumba za wale ndugu wa jioni, mmoja mmoja, akiwasomesha kiapo kwa sauti. Zawadi akaandikwa na wenzake. Akafaulu kuliko waliomwita Mzambia. Uthibitisho wenyewe wa uraia ulikuja baadaye, kama mjuavyo mambo ya ofisi, lakini ulikuja.

Shangazi hakumpata kuku wake. Alipata kitu kingine, maana Zawadi alipochaguliwa sekondari ya hapa mjini alikuja kukaa kwake. Sasa yuko kidato cha pili na amekuwa akinisahihisha kazini kwa muda mrefu bila kuombwa. Haya, nimeshamtaja. Kiti ni chako, Zawadi. Kiyumbie vizuri. Na akija mtu na haraka zake, weka jiwe.

Nitakumbuka sana ile harufu ya karatasi ikitoka mashineni na moto wake, na fundi viatu akituuliza leo tumezalisha Watanzania wangapi. Nitakumbuka hata faili kisogoni. Huko bwenini ninakokwenda nadhani watanipiga na vitu vya kawaida tu.

Mzee Hango bado anapita kibandani akija mjini kumwona mjukuu wake. Anakaa kwenye benchi lilelile, pembeni ya dirisha. Mama Zawadi hajalitaja tena lile jina. Nilimuuliza, akaniambia alipewa kuku mmoja, siyo banda zima. Basi Jumamosi, siku yangu ya mwisho, nikataka kumjaribu mzee. Nikajificha nyuma ya mashine ya kopi, nikabana pua, nikaita kwa sauti ya kike, "Hangoo!"

Mzee akaegemea fimbo yake.

Nikaita tena. Fundi viatu akageuka, mzee hakugeuka. Alikuwa anatazama barabarani, mikono juu ya fimbo.

"Nyamaza, wewe mstaafu," akasema. "Mimi nilishaitwa."